Shairi Chini ya Pai

Thirza Calvert alizaliwa kwenye mnada wa kondoo wa Skelbeck, nyuma ya mazizi, kwa sababu mama yake alikataa katakata kuondoka kabla hajajua kondoo wa jirani wameuzwaje. Ukoo wote ulikuwa hivyo. Uchungu wa kuzaa ungeweza kungoja. Umbea ukilala unachacha.

Baba yake alikuwa mjenzi wa zile kuta za mawe zinazopanda vilima vya Yorkshire bila hata tone la saruji, na mawe yake yalikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Aliyemlea Thirza hasa ni bibi yake, Keziah, mwanamke aliyefuma soksi bila kuzitazama kwa vile macho yake siku zote yalikuwa dirishani.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Keziah alimwambia. "Usimzushie mtu uongo. Uongo una gharama, tena unasahaulika. Msemee ukweli wake, kisha utie vina. Hapo hatoki tena."

Shuleni mwalimu aliwaagiza waandike shairi juu ya mawingu. Wenzake wakaandika mawingu. Thirza aliandika juu ya nywele za bandia za mwalimu mkuu, zilizopaa na upepo siku ya michezo zikaenda kutua juu ya ng'ombe, na ng'ombe akaonekana kuheshimika zaidi. Alichapwa fimbo. Jioni ile ile makamu wa mwalimu mkuu alimwita pembeni, akaangaza kushoto na kulia, akamwomba nakala.

Basi riziki aliitafuta jikoni, akawa mpishi wa shule ile ile, miaka nenda rudi, viazi na maharage na pudingi ya kastadi. Vyakula vya siku aliviandika ubaoni kwa beti, na beti zilimsifu mpishi kupita kiasi na kuvisema vyakula bila huruma. Watoto wengine walijifunza kusoma pale, ili wajue wanakula nini na wakasirike kwa wakati.

Mume wake, Wilf, aliendesha lori la maziwa. Walitembea pamoja hadi viatu vikaisha visigino, na Wilf hakuwahi kutamka jambo. Jioni moja, mbele ya geti, alikohoa.

"Naona baridi inakuja."

"Naona."

"Nyumba yangu ina jiko zuri."

"Wilf, unaniposa?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kingine pia. Nimekubali."

Ndoa ile haijawahi kutikisika. Wilf alikuwa amekwisha sema yote.

Katika bonde lile hapakuwa na mtoto aliyebatizwa, mzee aliyestaafu wala maiti aliyefukiwa bila ubeti wa Thirza. Alipofariki fundi bomba aliyechelewa kila alikoitwa, Thirza aliandika kwamba safari hii, jamani, amewahi mno. Mchungaji akakataza ubeti ule usichongwe kaburini. Familia ikauandika ubavuni mwa gari la kazi, na biashara ya mtoto wa marehemu ikachangamka.

Lakini hayo yote yalikuwa mazoezi. Kazi yenyewe ilikuwa siku moja tu kwa mwaka, Agosti, siku ya Maonyesho ya Skelbeck.

Asubuhi kondoo huoshwa kuliko watoto. Katika hema kubwa watu hupanga vitunguu, jamu na keki za sponji, na katikati ya vitunguu na keki pana meza ya mashairi, kwani watu wa Skelbeck hawaoni kwa nini shairi lidekezwe kuliko kitunguu. Anayeshinda mashairi hupewa kikombe cha fedha. Kikombe si kitu. Kitu ni trela: mshindi hupanda trela la nyasi kavu mwisho wa siku, mbele ya bonde zima, na kuusoma Mwaka. Yaani anayasimulia mabalaa yote ya miezi kumi na miwili, nani kaanguka wapi, nani kamkimbia nani, kwa majina kamili. Keziah aliusoma Mwaka hadi sauti ilipokauka, Thirza akapokea, na tangu hapo hakuna aliyeligusa trela lile isipokuwa yeye na kuku.

Watu walisema wanaichukia siku hiyo. Olive Peacock, msimamizi wa hema la chai na shoga yake Thirza tangu meno ya utoto, aliwahi kurukwa mwaka mmoja, asitajwe. Hakumletea Thirza mayai hadi Krismasi.

Ndipo akaja Daktari Crispin Hallam.

Crispin alikuwa daktari wa meno kutoka kusini. Alipostaafu alinunua kanisa la zamani lililofungwa, akaweka sakafu inayopashwa moto, akaanza kuandika mashairi. Mashairi yake hayakuwa na vina, wala watu, ila ndege wa nyikani na ukimya mwingi. Tena alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo; mwovu ungejua pa kumshikia. Alisimama mbele ya kamati ya maonyesho akasema kwamba, kwa maoni yake, Mwaka ungefaa usomwe bila kutaja majina, ili kulinda faragha ya watu, na kwamba mwaka huu angejitahidi sana kukishinda kikombe ili awaonyeshe.

Kamati ikamjibu, "Wazo zuri sana, Daktari."

Maskini, hakuwa amekaa muda wa kutosha. Yorkshire kitu kikimgusa mtu moyo hadi machozi yamlenge, atasema "si mbaya." Akisema "nzuri sana," ujue anatafuta mlango. Crispin alirudi nyumbani akiimba.

"Atakunyang'anya trela yule," Olive alimwonya.

"Nani? Mng'oa meno? Olive, yule amezoea kuongea na watu walioachama midomo wasioweza kumjibu. Trela si kiti cha meno."

"Haya. Jivune tu."

"Ninajivuna kwa sababu nimeona. Wewe hukuwepo kwenye harusi ya Rosalind?"

Olive alikuwepo. Bonde zima lilikuwepo. Ilikuwa Aprili, mlango wa kanisa umeachwa wazi kwa ajili ya jua, wimbo umeanza, na kondoo dume wa Seth Dinsdale, jina lake Brigedia, akaingia kwa mwendo wa mjomba aliyechelewa, akapita katikati ya viti hadi mbele, akaanza kumlia bibi harusi maua yake mkononi. Seth mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha pili. Alimwona. Angeweza kunyoosha mkono amshike pembe. Lakini wimbo ulikuwa haujaisha, na Seth Dinsdale, mwenyekiti wa wafugaji, mtu aliyewahi kumtoa dubwana la fahali mtoni kwa mikono mitupu, hakuona namna ya kuinuka katikati ya wimbo bila kukosa adabu. Wengine kanisani nao wakaona vivyo hivyo. Beti zikaimbwa zote. Maua yakaliwa yote.

Shairi kama hilo halitungwi. Linaokotwa.

Na kanuni za hema zilisema kila kinacholetwa kiwe juu ya sahani nyeupe ya karatasi, iwe yai, iwe kitunguu, iwe shairi. Mwaka uliopita shairi la Thirza nusura litupwe nje kwa kuandikwa nyuma ya kalenda ya muuza mbolea. Safari hii aliamua kuitii kanuni hadi iombe msamaha. Aliliandika juu ya sahani yenyewe, kwa wino mweusi.

Asubuhi ya maonyesho alimkuta Crispin mezani, karatasi yake nene ya bei mbaya imelala juu ya sahani kama samaki wa mgonjwa.

"Bi Calvert! Umeandika kwenye sahani. Ni jambo la kijasiri."

"Ni jambo la kanuni, kipenzi. Lako linahusu nini?"

"Ukimya."

"Refu?"

"Kurasa nne."

Thirza akampigapiga begani kwa huruma, akaenda zake kuwaangalia kondoo na kuwaangalia zaidi wenye kondoo.

Mchana upepo ukaingia. Hema likavimba, vitambaa vya meza vikapepea, na mambo mepesi yakaanza kuhama. Wakati huo huo, hema la pili, Olive alikuwa ameishiwa sahani. Foleni ya chai ilifika kwenye mazizi, miwani yake imefunikwa na mvuke hadi akaipandisha kichwani, akatoka mbio akaokota sahani zote nyeupe alizozikuta kwenye nyasi kati ya hema na hema, akazikung'uta kwa aproni. Juu ya mojawapo akaweka kipande kikubwa cha pai ya nyama ya nguruwe, achari pembeni, na haradali.

Thirza aliporudi kwenye vitunguu alikuta jaji mgeni, mwanamke mrefu mwenye rula shingoni, akiandika.

"Shairi langu liko wapi?"

"Hapa kuna pengo, mama. Pengo halipewi alama."

"Lilikuwa hapo asubuhi. Sahani nzima."

"Na mimi nilikuwa mwembamba zamani. Kikombe kimeshakwenda kwa Daktari Hallam. Lake ndilo shairi pekee lililokuwepo."

Mtu mwingine angelia. Thirza alikwenda kunywa chai, maana alijua kitu kikipotea Skelbeck, hakipotei mbali na chakula.

Hema la chai lilikuwa limejaa, lakini limenyamaza. Katikati ya hema alikaa Seth Dinsdale, kofia kichwani, uma mkononi, pai imeliwa nusu. Alikuwa anaitazama sahani.

"Thirza," alisema bila kuinua macho.

"Seth."

"Jina langu liko chini ya pai yangu."

"Naliona."

"Nimefika mstari wa nne ndipo nikagundua kwamba ninajila mwenyewe."

"Mungu wangu, Olive!" Thirza akageuka. "Umempakulia mtu shairi langu!"

Olive alishusha miwani kutoka kichwani, akachungulia. "Mimi nilidhani ni urembo wa sahani. Siku hizi si wanauza zenye maua?"

Seth akasukuma pai kando kwa uma, taratibu, kama anayefukua kaburi, na ubeti wa kwanza ukatokea wote.

*Dume laja kanisani,*
*Bibi harusi mbeleni,*
*Maua yake tumboni,*
*Naye Sethi katulia.*

Seth alisoma hadi ukingoni mwa sahani, midomo ikicheza. Kisha akasema:

"Si kweli."

"Lipi si kweli?"

"Sikutulia. Nilikohoa."

"Ulikohoa mara moja tu, Seth, na ilikuwa kwa ajili ya vumbi."

"Nilimkoholea yule kondoo."

"Naye akakusikiliza sana."

Seth alifuta haradali kwa kitambaa, akaivaa kofia vizuri, akaibeba sahani kwa mikono miwili hadi hema kubwa, na nusu ya foleni ikamfuata na vikombe vyao. Akaiweka mbele ya jaji.

"Shairi hili hapa."

Jaji aliinusa. "Sahani hii ina mafuta, bwana. Kanuni inasema sahani safi. Tena kikombe kimeshatolewa."

Thirza alimwangalia Seth, akaona jambo likipanda kooni mwake, likafika karibu na meno, likageuka likashuka.

"Haya," alisema Seth. Akatoka.

Basi jioni ilipofika, Wilf akalivuta trela kwa trekta hadi katikati ya uwanja kama kila mwaka, bonde zima likakusanyika, na juu ya nyasi kavu akapanda Daktari Crispin Hallam na kikombe chake, koti limebana, uso umejaa mwanga wa watu wema. Thirza alisimama chini, sahani chini ya kwapa. Hakuwahi kuliona trela kutoka upande ule. Lilikuwa refu kuliko alivyodhani.

Crispin akaanza. Na haki isemwe, alianza vizuri. "Mvua ilikuja bondeni," alisema, "kama mgeni aliyesahau kwao." Thirza alijikuta amekunja uso. Laana! Ule mstari ulikuwa mstari. Alitamani kuuficha chini ya koti na kuondoka nao.

Lakini baada ya mvua, Crispin akaingia kwa watu. Mtu fulani, alisema, alipata ajali ndogo ya baiskeli. Familia moja ilikuwa na mabadiliko. Wakati wa majira ya kuchipua, mnyama fulani aliingia katika jengo fulani.

"Nzuri sana," akanong'ona mwanamke mmoja.

"Nzuri sana kwa kweli," mumewe akaitikia.

Maneno yale yakasambaa uwanjani kama baridi. Nzuri sana, nzuri sana. Crispin aliyasikia, mashavu yakamwiva kwa furaha, akageuza ukurasa. Zilibaki tatu.

Hapo ndipo Thirza alipoelewa hatari yake, na haikuwa ile aliyoifikiria. Hakuogopa kwamba watu wangempenda Crispin. Aliogopa adabu yao. Watu hawa walimwacha kondoo ale maua ya bibi harusi hadi bua la mwisho, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha. Je, wangemzuia daktari wa meno? Wangesimama pale, wapige makofi ya vidole, na mwakani wangekuja tena wasimame tena, kwa sababu sasa ndivyo inavyofanywa. Na yeye hakuweza kujipandisha. Trela mtu hupanda kwa kushinda, au kwa kuitwa na watu. Aliyejipandisha, Keziah alikuwa akisema, hana tofauti na kuku.

"Mtu mwingine fulani," Crispin aliendelea, "alibaki ameketi, akitafakari..."

Kikohozi kikasikika.

Watu hawakugeuka, si adabu kugeuka.

Kikohozi cha pili kikaja, kikubwa, cha mtu anayehamisha fahali. Na Seth Dinsdale, aliyekuwa ameketi kwenye robota la nyasi mstari wa mbele, akavua kofia, akainuka. Katikati ya usomaji! Mama mmoja alishika mkono wa mumewe.

"Samahani," Seth alisema, rangi ya uso wake ikiwa ya bitiruti. "Samahani sana, Daktari. Sipendi kukatiza."

"La, la, tafadhali," alisema Crispin.

"Huyo mnyama fulani ni wangu. Ana jina, anaitwa Brigedia, na ana nishani mbili. Jengo fulani ni kanisa. Na mtu fulani ni mimi. Tangu Aprili nimeishi nikisubiri kusemwa. Nimejiandaa. Nimenunua kofia. Sikuja hapa nitajwe kama mwizi ambaye kesi yake haijaisha."

Kisha kutoka nyuma, sauti ya Rosalind, bibi harusi mwenyewe: "Na maua yalikuwa yangu! Mawaridi! Mbona sikutajwa?"

"Baiskeli ni mimi!" akapiga kelele mwingine. "Na haikuwa ajali ndogo! Nilivunja uzio wa watu!"

"Mwiteni Thirza," alisema Seth, akaketi ghafla, kama mtu aliyeishiwa na miaka yote ya maneno.

Wakamwita. Bonde zima, watu wasioita hata mbwa wao kwa sauti. Wilf akazima trekta, akageuka kitini.

"Panda basi," alisema. Kwa Wilf hiyo ilikuwa hotuba.

Juu ya trela Crispin alikuwa amesimama na karatasi zake, mwanga umemtoka. "Lakini walisema nzuri sana," alimnong'oneza Thirza alipomfikia.

"Walisema, kipenzi. Pole. Nitakueleza kwa chai. Sogea hapo ukae, usishuke. Ukishuka watadhani nimekufukuza, na mwakani nitakuwa na kazi ya kujisema mwenyewe."

Crispin akakaa juu ya nyasi, kikombe mapajani. Thirza akainua sahani yake yenye mafuta, akaliangalia bonde lake, uso kwa uso, kila mmoja akijifanya anatazama mbali na kila mmoja akingoja jina lake.

"Mvua ilikuja bondeni," alianza kwa sauti kubwa, "kama mgeni aliyesahau kwao."

Crispin aligutuka. "Huo ni mstari wangu!"

"Ulikuwa wako. Sasa umepata kazi," Thirza alimjibu bila kugeuka, na kicheko cha kwanza cha siku ile kikapasuka. Crispin mwenyewe, baada ya kufikiri kidogo, akaonekana kama mtu aliyesifiwa.

Thirza akawasoma wote. Baiskeli ikapata uzio wake na uzio ukapata mwenyewe. Olive alipata beti mbili kamili juu ya mwanamke aliyepakua fasihi na achari, akajifunika uso kwa aproni, akiacha nafasi ya kuchungulia. Mwisho kabisa alikuja Brigedia, na Rosalind akalia kwa kucheka alipofikiwa na mawaridi yake, na Thirza akaishusha sauti akamtazama Seth peke yake.

*Wimbo haujakatika,*
*Vipi mtu kuinuka?*
*Heri ndoa kuchafuka*
*Kuliko kuingilia.*

"Hivyo ndivyo nilivyoandika Aprili," alisema. "Leo ubeti huu umekuwa uongo, na bibi yangu alinikataza uongo. Mwakani nitaandika mwingine. Jiandae, Seth."

Watu waliposhuka kilimani kwenda nyumbani, Crispin alimfuata Thirza akamnyooshea kikombe kwa mikono yote miwili.

"Hiki ni chako kwa haki."

"Kaa nacho, Daktari. Kinang'arishwa kila Jumapili, na masikio yake yanashika uchafu vibaya. Wewe una vile vibrashi vyako vya meno."

Hema la chai lilikuwa bado wazi. Seth Dinsdale alikuwa mbele ya meza, kofia mpya kichwani, akiagiza pai nyingine.

"Basi, Seth," Olive alimuuliza, "ulionaje?"

Seth alifikiri sana.

"Si mbaya," alisema.

Alipokea sahani yake. Kabla hajatia uma, aliinua pai kwa vidole viwili, akachungulia chini. Palikuwa peupe. Olive anaapa hadi leo kwamba alionekana kuvunjika moyo.